Pua ya Wilmer Tull

Mume wangu Wilmer hasikii harufu. Nalisema mapema nisije nikawazungusha kama yeye alivyonizungusha mimi miezi minne. Hasikii kahawa, hasikii samaki aliyeoza, hasikii petroli. Na hiyo petroli ndiyo iliyotaka kuua watu pale kwenye gati la mashua la Pell.

Ilianza Februari ya mwaka ule, 1986. Alishikwa na mafua yakamlaza siku kumi, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Nilijua siku paka alipolikojolea koti lake la Jumapili. Akalivaa. Akalifunga vifungo vyote, akachukua kofia, akanisimamia mlangoni ananiambia tunachelewa kanisani.

"Wilmer, hilo koti hulisikii?"

"Lina nini?"

Nikamsogezea mkono wa koti puani. Akanusa, akanusa tena, kisha akaketi kwenye ngazi na rangi ikamtoka usoni. Kanisani hatukwenda siku hiyo. Badala ya kwenda kwa daktari kama mtu mwenye akili, alileta Biblia ya marehemu mama yake akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Na mimi mjinga nikaapa.

Wilmer alikuwa mlinda boila, lile tanuri la kupasha jengo joto lililo chini ya sakafu, katika shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Walimu walimwita "bwana wa chini." Sidhani watatu kati yao walijua jina lake. Lakini gatini Wilmer alikuwa mtu. Gatini kuna mashua za matanga thelathini hivi, nyingi kuukuu kama wenyewe, na karibu kila moja ina injini ya petroli tumboni, chini ya ngazi ya kuingilia chumbani. Tanga linakupeleka, injini inakurudisha, maana upepo wa ghuba yetu ya Chesapeake wakati wa kiangazi hufa mchana na kukuacha umekodoa macho katikati ya maji.

Sasa petroli ndani ya mashua si mchezo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Ukivuja hautoki nje, unashuka hadi kwenye ngama, kule chini kabisa maji machafu yanakokusanyika, unakaa humo kimya unangoja cheche. Ndiyo maana kando ya kila injini kuna kibao cha sheria: kabla ya kuwasha, endesha feni dakika nne, na ukague kama kuna mvuke wa petroli. Feni kila mtu anaweza kuiwasha. Kwa ukaguzi, kwetu walimwita Wilmer.

Hiyo ilitokana na siku moja ya mwaka 1969. Wilmer alikuwa anapita na mkate wake mkononi kando ya mashua ya Buck Shockley, akasimama ghafla akasema, "Buck, usiguse kitu." Wakafunua, wakakuta petroli imetuama chini ya injini, kikombe kizima. Tangu hapo kila Jumamosi utasikia, "Wilmer, tuletee pua!" Naye huenda, hupiga magoti, huweka kofia nyuma, huingiza kichwa chini ya kifuniko cha injini, hunusa mara tatu, kisha huinuka na kusema, "Safi. Washa." Maneno mawili tu, na watu wanapanda na wake zao na watoto wao.

Basi na huyu mtu, pua imekufa, aliendelea!

"Unawadanganya watu, Wilmer."

"Siwadanganyi. Naangalia kwa macho. Petroli inaonekana."

"Na mvuke nao unauona?"

"Pua itarudi. Kuna mtu redioni alisema yake ilirudi baada ya mwaka."

"Mwaka! Na wakilipuka kabla ya mwaka?"

Wilmer akishindwa na hoja huenda gereji kupanga misumari ambayo imekwisha kupangwa. Ningekuwa na nguvu ningempiga.

Kwa hiyo nikawa namfuata. Mimi, ambaye mashua hata ikiwa imefungwa gatini inanitapisha, nikawa kila Jumamosi nashika sahani ya keki na kutembea nyuma yake. Akisema "Safi. Washa," mimi nimeshainama hapo: "Ee, hebu nione hiyo injini yenu, jamani, mmeipaka rangi?" Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, kichwa ndani ya tundu la injini, matako juu. Watu wakaanza kunicheka.

"Arvella," Buck aliniambia siku moja, "siku hizi umependa injini kuliko keki. Unataka nikuajiri?"

"Niajiri unipe nini, na wewe mwenyewe mkeo anakununulia soksi?"

Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na miezi hiyo yote mwosha nilikuwa mimi. Kila mashua aliyoipitisha niliinusa nyuma yake. Nilimshukuru Mungu zote zilikuwa safi, na nilimchukia Wilmer kila mara nilipokuwa nashukuru.

Ikafika Jumamosi ya kwanza ya Juni. Simu ikalia tunataka kutoka. Dada yangu Idabelle, na Idabelle akianza habari ya magoti yake hamalizi mpaka aufikie uti wa mgongo. Nikamwonyesha Wilmer kidole: ningoje. Akatikisa kichwa kukubali. Nilipoweka simu chini gari halipo.

Nilitembea hadi gatini na ndara zangu za nyumbani, dakika kumi, nikimtukana njia nzima.

Nilipofika nikamwona anainuka kutoka kwenye mashua ya Ellis Marchbank, anajipangusa magoti. Ellis ni daktari wa meno. Mashua aliinunua majira ya vuli, na asubuhi hiyo alikuwa amebadilisha chujio la petroli kwa mkono wake mwenyewe, naye alijisifu mno kwa kazi hiyo. Mkewe Corinne alikuwa chumbani chini anakata nyanya, redio ya mashua inatangaza mechi ya besiboli. Mashua iliyo jirani, ubavu kwa ubavu, ni ya Buck, na Buck alikuwa ametundika jiko lake la mkaa kwenye reli ya ukingo wa nyuma kama afanyavyo kila Jumamosi. Mkaa umeshaiva, mweupe, anataka kuweka kuku.

"Safi," nikamsikia Wilmer. "Washa."

Na mimi nilikuwa nimeshaisikia. Mashua mbili kabla sijafika ilinipiga puani, petroli mbichi, machozi yakanilengalenga.

"Ellis!" nikapiga kelele. "Usiguse swichi hiyo!"

Ellis alikuwa ameshaweka kidole kwenye swichi ya feni. Akanitazama kwa upole, kama anavyomtazama mgonjwa anayeogopa sindano.

"Ni feni tu, Arvella. Feni ndiyo inayotoa mvuke. Soma kibao."

"Kibao hakijui kama kuna petroli humo! Swichi ni cheche, feni yenyewe ni cheche. Naisikia mpaka huku!"

"Wilmer ametoka kunusa sasa hivi."

"Unasikia mafuta yangu ya kuwashia mkaa," Buck akadakia, anainua kopo lake. "Nilimimina mengi leo. Mwache mwenye pua aseme, mama. Pua ya Wilmer haijakosea miaka kumi na saba."

Mtu aliyekuwa anafunga kamba upande wa pili akacheka. Nikatazama watu wale wote, watu wazima wenye akili zao, na nikaona hakuna hata mmoja atakayeniamini. Nilikuwa mama wa keki. Pua ilikuwa ya Wilmer.

"Wilmer," nikasema. "Waambie."

Akanitazama. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hajawahi kunitazama vile, kama mbwa aliyefungiwa nje. Nilidhani atasema, kwa haki ya Mungu nilidhani atasema.

"Labda ni... labda ni mkaa wa Buck," akasema.

Corinne akachomoza kichwa, kisu mkononi. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu mpenzi. Dakika nne tu, tunaondoka." Na kidole cha Ellis kikarudi kwenye swichi.

"Hasikii harufu!" Sauti iliyonitoka siijui ilitoka wapi. "Wilmer hasikii harufu tangu Februari! Pua imekufa! Hasikii hata mkojo wa paka!"

Redio peke yake ndiyo iliyokuwa inasema, mtu amepiga mpira ukaenda mbali. Ellis akageuza macho polepole akamtazama Wilmer, kidole bado kipo palepale.

Wilmer akavua kofia.

"Toa mkono, Daktari," akasema. "Taratibu. Usiwashe, usizime, iache ilivyo."

Ellis akautoa mkono kama aliyeshika sahani ya moto. Na hapo, niseme kweli, hasira yangu ikapanda maradufu, maana Wilmer alianza kufanya kila kitu sawasawa. Kumbe yote alikuwa anayajua! Kilichomshinda ni sentensi moja.

"Corinne, weka kisu juu ya meza, kisidondoke. Usiguse jiko la humo chumbani. Panda juu."

"Nizime redio?"

"Usizime redio. Acha iimbe. Njoo."

Akampa mkono akamvusha gatini, kisha Ellis. Ellis akageuka anataka kurudi. "Betri, nikachomoe waya wa betri..."

"Ukichomoa waya wa betri unatoa cheche palepale kwenye mvuke. Rudi nyuma. Buck!"

Buck alikuwa ameshachukua ndoo ya maji anataka kuimwaga kwenye jiko lake la mkaa.

"Usimwage maji, majivu ya moto yataruka. Funika jiko, ziba matundu yake, lishike kwa glavu ulipeleke nchi kavu, kule upepo unakotoka. Tembea, usikimbie."

Buck akatii. Sijawahi kumwona Buck Shockley akimtii mtu. Alipita mbele yangu amelibeba jiko lile mbele yake kwa glavu, jasho linamtiririka, kuku wake mbichi wamebaki kwenye sinia.

Kulikuwa na waya wa umeme wa njano kutoka kwenye nguzo ya gati hadi mashuani, unachaji betri. Yule aliyekuwa anafunga kamba akaushika auchomoe, Wilmer akamkemea. Akaenda mwenyewe hadi bandani, hatua sitini kutoka pale, akazima umeme wa gati zima kwenye swichi kuu. Mara vichwa vikatokeza huku na huku: "Nani kazima umeme? Friji langu!" Nikawajibu kuwa wakitaka friji waje walichukue, na kama wana sigara wazime, na wote washuke nchi kavu. Mmoja akapiga simu zimamoto kutoka ofisini kwa Pell.

Nikadhani yamekwisha. Wilmer akarudi, akasimama mbele ya mashua ya Ellis, akavua viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Petroli bado inavuja, Arvella. Ikijaa kwenye ngama itainua boya la pampu ya kutolea maji. Pampu itajiwasha yenyewe, itoe cheche."

"Zimamoto wanakuja!"

"Pampu haiwangoji zimamoto. Koki ya tangi ipo nyuma, chini ya kiti cha nje. Siingii ndani."

"Wilmer Tull, ukipanda mashua hiyo usirudi kwangu!"

Akapanda. Peku, polepole, kama anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Akainua kifuniko cha kiti, akaingiza mkono hadi begani, akafunga koki. Kisha akafungua madirisha ya sitaha moja moja ili upepo upite, akashuka. Muda wote huo nilikuwa nimeng'ata kitambaa changu cha kichwa mpaka nikakitoboa. Alipofika gatini nikamsukuma kifuani kwa mikono miwili, mbele ya watu.

Na Buck, Mungu amsamehe, akarudi kutoka nchi kavu anakokota mashine yake kubwa ya kufyonza maji na vumbi. "Jamani, pale ofisini kuna jenereta. Ninayo hii, dakika mbili naifyonza yote."

Tukampigia kelele mimi na Wilmer kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana tangu Februari.

"Hiyo mota yake inatoa cheche ndani, Buck!" Wilmer akasema. "Utakuwa unavuta petroli unaitia motoni!"

"Nilitaka kusaidia tu."

"Saidia kwa kukaa."

Zimamoto wa kujitolea wakaja, kiongozi wao Hobart Insley, ambaye siku nyingine ni mchinja nyama. Wakaweka povu tayari, wakaacha upepo ufanye kazi kwanza, kisha wakateka petroli kwa pampu ya mkono ya plastiki, wakaijaza kwenye madumu, wakayapeleka uwanjani mbali na watu. Iliyobaki waliikausha kwa vitambaa vya kunyonya mafuta. Mtu mmoja alinong'ona kwamba wangemwaga sabuni ya vyombo wasukume yote majini, Hobart akamtazama mpaka akaondoka.

Ilitoka nusu ndoo. Chanzo kilikuwa kitu kidogo cha kutia uchungu: gasketi ya zamani ya chujio, ule mpira wa kuziba, ilikuwa imegandia pale juu, na Daktari akaweka mpya juu yake. Mbili hazishiki. Akaonyeshwa ile ya zamani kwenye kiganja cha Hobart, nyembamba kama pete, akaitazama bila kuigusa.

Tulikaa pale muda wa saa nne, mashua imefunuliwa yote. Redio ikamaliza mechi, ikaanza mahubiri. Watu walizungumza wao kwa wao, na Wilmer aliketi peke yake juu ya kreti, na hakuna aliyemsogelea. Mwishoni Hobart akasema sasa mtu anuse, na kwa mazoea akageuka kule kwenye kreti. Kisha akakumbuka, akakohoa.

Nikaenda mimi. Bado ilikuwepo kidogo, kwenye pembe. Nikawaambia waiache wazi mpaka kesho na wasiguse kitu. Hakuna aliyebishana nami. Corinne akanishika mkono akanishukuru. Akampita Wilmer.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima ya nyumbani nilikuwa nimeshaipangia maneno, juu ya Biblia, juu ya keki, juu ya "labda ni mkaa wa Buck." Nikamwendea pale kwenye kreti.

"Nimevunja kiapo," nikasema, "na ningekivunja tena. Twende nyumbani."

"Bado kuna mashua moja," akasema.

"Zote nimezinusa, Wilmer. Kila moja uliyopitisha nilikuwa nyuma yako. Unadhani nilikuwa natembeza keki kwa kupenda?"

"Hii hukuinusa." Alikuwa anatazama mwisho wa gati. "Jumanne moja, mwezi uliopita. Ulikuwa kwa Idabelle. Akina Lankford walikuwa wanavuka ghuba kwenda kwa mama yake Junie. Tobin akaniita."

"Ukamwambia nini?"

Akainuka akaanza kwenda, nami nikamfuata, na safari hii sikuwa na sahani.

Akina Lankford ni vijana. Walirudi kutoka dukani wakati mambo yameshatulia, wakaenda kwenye mashua yao. Tobin alikuwa anasugua sitaha, mkewe Junie ameketi na mtoto wao wa miaka mitatu, kamfunga kwa mkanda na kamba kwenye mlingoti asije akaanguka majini, kama wanavyofungwa watoto wote wa mashua.

"Mzee Wilmer!" Tobin akasema kwa furaha. "Nasikia leo kulikuwa na mambo."

Wilmer akasimama gatini, kofia mkononi.

"Tobin, mwezi uliopita nilikwambia mashua yako ni safi. Sikujua kama ni safi. Pua yangu ilikuwa imekufa. Sikusikia kitu, nikakwambia uwashe."

Tobin akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajaelewa. "Lakini tulifika salama, mzee."

"Mlifika kwa bahati. Mimi sikuwafikisha."

Kicheko kikaisha. Tobin akatazama chini kwenye kifuniko cha injini, akaiweka brashi yake chini. Junie alikuwa amemsikiliza Wilmer mpaka mwisho. Akapiga magoti akaanza kufungua ile kamba ya mtoto. Ilipofunguka akambeba mwanawe kifuani, mkono umemfunika kisogo, akavuka gatini, akapita mbele yetu hadi nchi kavu. Hakumtukana Wilmer. Ningetamani angemtukana.